Mgeni Akiingia Wimboni: Taarab ya Tanga na Bosanova ya Sérgio Mendes

Katika miaka ya 1960, Black Star Musical Club ya Tanga iliitia taarab gitaa la umeme, gitaa la besi na midundo ya dansi. Unguja walikuwa na utaratibu wao, uliokuzwa na Ikhwani Safaa tangu 1905: fidla kwa safu, udi, ganuni, nyimbo ndefu zenye sura ya Misri, na hadhira iliyokaa kwa staha. Tanga hawakuwa na okestra ya namna hiyo na hawakuisubiri. Kundi lao lilikuwa dogo, na mgeni waliyemkaribisha hakutoka mbali. Alikuwa akipiga muziki wake mtaa wa pili.

Mtu aliyepita Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, ataelewa. Barabara zake zimepewa namba, nyumba zimebanana, baraza zinatazamana, na wimbo ukipigwa Barabara ya Nane utasikika ya Kumi utake usitake. Mkonge, reli na bandari vilikusanya huko watu wa Unyamwezi, Usukuma na Umakonde, wakaishi ukuta kwa ukuta na Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju. Jamhuri Jazz ilitokana na bendi iliyoitwa Young Nyamwezi. Atomic Jazz na Amboni Jazz nazo zilikuwa na mashabiki wao. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Nairobi, walikoanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Rumba iliyopigwa na bendi hizi ilikuwa imefika Afrika kwa santuri za Kuba, zile za GV zilizoanza kuuzwa katika miaka ya 1930, kisha ikatufikia tena kupitia mikono ya Wakongo. Mpiga taarab wa Tanga alikuwa ameisikia tangu utotoni. Alipoiingiza katika wimbo wake alikuwa anatumia alichokulia nacho.

Nimeanza na Ngamiani kwa makusudi, maana kutoka hapo ndipo ninapotaka kumsikiliza Sérgio Mendes, mpiga piano wa Brazil aliyezaliwa Niterói mwaka 1941 na kufariki Los Angeles mwaka 2024. Alikuwa ametimiza miaka 65 alipotoa albamu ya *Timeless*, mwaka 2006, akiwa ameshirikiana na will.i.am wa kundi la Black Eyed Peas kama prodyuza. Wageni walikuwa wengi: Stevie Wonder, Erykah Badu, India.Arie, Jill Scott, John Legend, Justin Timberlake, Q-Tip, Black Thought na wengineo. Nyimbo za bosanova na samba za zamani zikapewa biti za hip hop na mistari ya kuchana. Albamu ilimrudisha mzee redioni na kumpa wasikilizaji ambao wazazi wao ndio waliocheza nyimbo zake za kwanza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kipimo kizuri cha albamu za ushirikiano, na wahakiki hawakitumii vya kutosha. Tunahesabu majina ya wageni kwenye jalada, tunasifu ujasiri wa mkongwe, tunapita. Tunasahau kuuliza kama wimbo wenyewe umepona.

Ili kulijibu hilo inabidi kurudi kwenye namna bosanova ilivyozaliwa. Mwaka 1958 João Gilberto alirekodi "Chega de Saudade", wimbo wa Tom Jobim wenye maneno ya Vinicius de Moraes, aliyekuwa mshairi na mwanadiplomasia. Samba ya Rio ilikuwa muziki wa ngoma nyingi na watu wengi. Gilberto aliichukua yote akaiweka kwenye gitaa moja. Kidole gumba kilishika nyuzi nene na kupiga kazi ya surdo, ile ngoma kubwa inayobeba mwendo. Vidole vingine vikapiga kwa kukatiza, kazi ya tamborim, ngoma ndogo inayolia kwa fimbo. Juu yake akaimba kwa sauti ya chini, karibu ya mazungumzo, akichelewa kidogo au akitangulia kidogo, huku gitaa halimsubiri. Ngoma haikutoweka, ilihamia kwenye nyuzi.

Tanga walifanya jambo linalokaribiana na hilo, bila kumwiga mtu wa Rio. Katika rekodi za Black Star na za Lucky Star, kundi lililotokana na mgawanyiko wake, sikiliza gitaa la besi kabla ya kumsikiliza mwimbaji. Besi ndiyo inayotembea. Inashika mwendo ambao ngoma za pwani na rumba za dansi zilikuwa zikiushika, na gitaa la juu linajaza nafasi inayoachwa. Kwa hiyo kundi dogo liliweza kuchezesha harusi nzima. Naamini hili ndilo lililofanya mtindo wa Tanga uenee pwani yote na kuingia bara: uliweza kubebwa na watu wachache, na ngoma ilikuwa ndani ya nyuzi zao.

Na wimbo ulibaki mzima. Hapa ndipo ninapowapa watu wa Tanga heshima kubwa kuliko wanavyopewa kwa kawaida. Beti za mistari mitatu, kila mstari vipande viwili vya mizani minane minane, vina vya kati na vya mwisho, kiitikio kinachorudi mahali pake: hivi vyote vilisimama. Shakila Saidi, aliyezaliwa Pangani mwaka 1947, aliimba juu ya midundo ya dansi bila kuukata mstari hata mmoja wa mshairi ili umfae mpiga gitaa. Ukimsikiliza katika "Macho Yanacheka" unamsikia akivuta silabi pale besi inapokimbia, na akiiacha besi iseme pale kina kinapotua. Mgeni, yaani dansi, alipewa kazi kubwa. Hakupewa ruhusa ya kuvunja ubeti.

Sasa turudi kwenye *Timeless*. Wimbo uliotangulizwa sokoni ni "Mas Que Nada", alioutunga Jorge Ben na kuurekodi mwaka 1963, na Mendes akaufanya maarufu duniani mwaka 1966 akiwa na kundi lake la Brasil '66. Toleo la 1966 lenyewe lilikuwa ushirikiano: Mendes alikuwa amehamia Marekani mwaka 1964, baada ya jeshi kupindua serikali ya Brazil, na mmoja wa waimbaji wake, Lani Hall, alikuwa msichana wa Chicago aliyeimba Kireno asichokulia nacho. Piano katika toleo lile inabeba wimbo mabegani. Mkono wa kushoto na besi vinasukumana, na sauti za wanawake zinapanda juu yake.

Katika toleo la 2006 ngoma imerudishwa kwa mashine. Biti ni nzito na safi, inachezeka, na sina ubishi na uzuri wake ukumbini. Lakini pindi mashine inapochukua ngoma, piano inabaki haina kazi. Inasikika mwanzoni, kila mtu anaitambua na kufurahi, kisha inarudiwarudiwa kama alama ya kukumbusha kwamba huu ni ule wimbo wa zamani. Michano inajaza katikati. Mwenyeji yumo nyumbani mwake lakini ameketi pembeni.

Si nyimbo zote za albamu ile ziko hivyo, na haki inataka zitenganishwe. Katika "Berimbau/Consolação", nyimbo za mpiga gitaa Baden Powell na Vinicius, Stevie Wonder anapuliza hamonika na kazi inakuwa tofauti kabisa. Berimbau ni upinde wa muziki wenye asili ya Afrika, jamaa wa ndono ya Wagogo wetu, na wimbo ule unaigiza mwendo wake wa noti chache zinazorudi. Wonder anauheshimu mwendo huo. Anaingia palipo na nafasi na kutoka kabla hajachusha.

Bora zaidi kwangu ni "Samba da Bênção", ambamo mgeni ni Marcelo D2, rapa wa Rio. Wimbo huu tangu mwanzo una sehemu ya kusemwa, ambapo Vinicius aliwataja wakongwe wa samba kwa majina na kuomba baraka zao. Maana yake ulikuwa na mlango wa maneno yasiyoimbwa miaka mingi kabla hip hop haijazaliwa. Marcelo D2 alipita mlango huo. Isitoshe alikuwa ameshatumia miaka kadhaa kuchanganya samba na rap kwa Kireno, kwa hiyo alijua mahali pa kusimama na mahali pa kunyamaza. Amelelewa katika nyumba hiyohiyo, na masikio yanalitambua hilo mara moja.

João Donato, mkongwe mwenzake Mendes, aliyezaliwa Acre mwaka 1934, alipata njia nyingine. Mwaka 2021 Adrian Younge na Ali Shaheed Muhammad, huyu wa pili akitoka kundi la A Tribe Called Quest, walitoa albamu waliyoitengeneza naye katika mfululizo wao wa Jazz Is Dead. Watu hawa wamekulia katika hip hop, sanaa ya kukata vipande vya santuri za wazee. Safari hii walimwita mzee mwenyewe studio na kutunga nyimbo mpya pamoja naye. Kinanda chake ndicho kinachoongoza. Albamu hiyo haikupata kelele za *Timeless*, nami naiona imemtendea mwenyeji haki zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki, mkongwe aliyekaribia kufanana na Mendes kwa kukutana na vijana mbele ya umma ni Bi Kidude. Alikuwa ameshapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na katika miaka yake ya mwisho aliingia studio na Offside Trick, vijana wa Unguja, wakatoa "Ahmada". Biti ni ya mashine hapo pia. Kwa kanuni niliyoieleza juu ya "Mas Que Nada", wimbo ulipaswa kumlemea bibi. Haukumlemea. Sababu naiona katika maisha yake: alikuwa mpiga ngoma za unyago kabla na baada ya kuwa mwimbaji wa taarab, na koo lake lilikuwa limejifunza kukata maneno kwa mkono wa mpiga ngoma. Mashine haikuweza kumnyang'anya ngoma kwa kuwa aliibeba ndani ya sauti. Vijana walionekana wageni kwenye wimbo wao wenyewe, na kwa upande wangu hiyo ni sifa kwao kwamba walimwachia nafasi.

Wakongwe wa Tanga hawakupata nafasi ya namna hiyo. Dunia iliwajia kwa mkono wa mhifadhi. Mwaka 1989 lebo ya GlobeStyle ya London ilitoa *Nyota*, mkusanyo wa nyimbo za Black Star na Lucky Star, na wasikilizaji wa Ulaya wakaipokea kama hazina ya zamani. Tunaishukuru kazi hiyo, kwani bila hiyo nyimbo nyingi tusingezisikia kwa usafi ule. Lakini Shakila aliishi hadi Agosti 2016. Kwa miaka 27 baada ya *Nyota* sauti ile ilikuwepo nchini, hai, na hakuna prodyuza mwenye uwezo aliyemjengea albamu nzima ya kukutana na wapigaji wa kizazi kipya kwa masharti yake. Inaniuma, na inaniuma zaidi kwa sababu yeye alikuwa ameshaonyesha tangu usichana wake kwamba anaweza kusimama juu ya mdundo wa kigeni bila kuyumba.

Kuna tofauti nyingine kati ya Rio na Ngamiani ambayo albamu haiwezi kuifunika. Katika taarab wimbo haumalizwi na waliomo jukwaani. Mwanamke huinuka katikati ya ubeti, hutembea na noti mkononi, humtunza mwimbaji huku macho yake yakiwa kwa mtu fulani aliyeketi safu ya tatu, na tangu hapo ubeti una maana ambayo mshairi hakuiwaza. Atakayetengeneza albamu ya ushirikiano kutokana na taarab ya Tanga atakuwa na mgeni mmoja wa lazima, mtunzaji, na studio haina kiti chake. Rekodi ya moja kwa moja ukumbini ingemfaa zaidi kuliko faili zinazotumwa kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Tangu miaka ya 1990 vinanda vya umeme vimechukua kazi za besi na gitaa katika taarab ya kisasa, kwa bei nafuu na kwa sauti kubwa. Vijana wa singeli wa Dar es Salaam nao wamechukua vipande vya taarab hiyo, wakavizungusha na kuviharakisha mpaka zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na mchanaji akapanda juu. Ushirikiano wa zama hizi umeshaanza, basi, ila mkongwe hayumo chumbani. Anayetaka kumwingiza aanze na besi. Mapigo 200 ya singeli yakigawanywa mara mbili yanatoa 100, mwendo wa dansi ambao waimbaji wa Tanga waliumudu tangu enzi za Black Star. Mashine ibaki na mapigo ya juu, gitaa la besi lishike ya chini, na mwimbaji aliyekulia katika taarab apewe ubeti wa mistari mitatu, mizani kamili, auvute anavyojua. Mchanaji wa singeli aingie kwenye ala, kati ya ubeti na ubeti, mahali ambapo fidla ilikuwa ikijibu.