Ganzi, Stenti na Usomaji wa Haraka wa Jaribio la IMPROVE

Tangu matokeo ya jaribio la IMPROVE la Uingereza yatolewe mwaka 2014, wapo wapasuaji wanaoyafupisha kwa kauli moja: aota ya tumbo ikishapasuka, kumfungua mgonjwa tumbo na kumpitishia stenti kinenani ni mamoja. Takwimu za siku 30 zinaelekea kuwaunga mkono: vifo vilikuwa asilimia 35.4 katika kundi la stenti na 37.4 katika kundi la upasuaji wa wazi. AJAX ya Uholanzi na ECAR ya Ufaransa, majaribio madogo zaidi, nayo hayakupata tofauti ya wazi.

Lakini IMPROVE haikulinganisha operesheni mbili. Wagonjwa 613 waligawanywa kwa nasibu mara tu mpasuko uliposhukiwa. Katika kundi la stenti, umbo la mshipa liliruhusu njia hiyo kwa takriban asilimia 64 tu ya waliothibitishwa kuwa na mpasuko. Wengi wa waliobaki walifunguliwa tumbo. Kilichopimwa ni mpango wa hospitali, na kukisoma kama hukumu juu ya stenti yenyewe ni kosa.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote umo katika uchambuzi uliofuata wa data za IMPROVE. Waliowekewa stenti kwa ganzi ya sehemu pekee walikuwa na uwiano wa odds za kufa (odds ratio) wa 0.27 wakilinganishwa na waliolazwa kwa nusu kaputi. Sababu ya kifiziolojia ipo. Damu iliyovujia nyuma ya utando wa tumbo huzuiwa kwa kiasi na misuli iliyokaza. Dawa ya usingizi huilegeza misuli hiyo, hulegeza na mishipa, na shinikizo la damu huporomoka. Uzito wa mporomoko huo tunaujua: miongoni mwa wagonjwa ambao shinikizo lao la juu lilishuka chini ya 70 mmHg, asilimia 51 walikufa. Upasuaji wa wazi hauwezi kufanyika bila usingizi. Stenti inaweza, na hapo ndipo penye faida yake.

Itasemwa kwamba aina ya ganzi haikugawanywa kwa nasibu, na kwamba huenda waliopewa ganzi ya sehemu walikuwa na nafuu tangu mwanzo. Pingamizi hili ni zito, ingawa marekebisho ya kitakwimu hayakuifuta tofauti hiyo. Itasemwa pia kwamba kufikia miaka 7 makundi yalikaribiana. Kwa mgonjwa wa miaka 76, mimi naiangalia miaka 3: vifo asilimia 48 katika kundi la stenti dhidi ya 56 katika lile la upasuaji wa wazi, kwa gharama ndogo zaidi. Kwa wanawake pengo lilionekana mapema, asilimia 37 dhidi ya 57 ndani ya siku 30, japo idadi yao ilikuwa ndogo.

Kwa hiyo hospitali inayonunua stenti bila kuwa na skani ya CT saa zote ya kuonyesha umbo la mshipa, na bila timu iliyozoea kufanya kazi mgonjwa akiwa macho, imenunua nusu ya tiba. Jaribio linalohitajika sasa ni la ganzi.