Mlango wa Simbamwene: Wanafunzi wa Morogoro na Safari za Miji ya Kale

Mwalimu wa tarikhi wa Morogoro anayekusudia kuwachukua wanafunzi wake kwenda kuiona miji ya kale ya ng'ambo, aghalabu huifungua ramani mbali na nyumbani: huweka kidole juu ya Mombasa penye Ngome ya Yesu, akakipandisha hadi Malindi na magofu ya Gedi, akakifikisha Lamu, ndipo anapoanza kuhesabu nauli, malazi na siku za likizo. Simlaumu kwa kuichagua miji hiyo, maana kwa mwanafunzi wa Tanzania sioni nchi ya kigeni iliyo karibu zaidi, wala yenye mengi zaidi ya kumfunza juu ya asili yake mwenyewe, kuliko pwani ya Kenya. Lakini safari hiyo, ikitaka kupangwa sawasawa, yapasa ianzie chini ya milima ya Uluguru, katika mji ambao ajnabi waliujia na kuuandikia habari zake zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Mji huo ni Simbamwene. Aliujenga Kisabengo, Mzigua mwenye ushujaa na hila nyingi, aliyekusanya watu waliokuwa watoro na wakimbizi wenye kutafuta himaya, akatua nao penye maji yashukayo mlimani, mahali ambapo misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ugogo, Unyanyembe na Ujiji ilikuwa haina budi kupita karibu. Richard Burton alipozipita nchi hizi mwaka 1857 alizikuta sifa zake zimeenea njiani, na sifa hizo hazikuwa njema zote, kwa kuwa nguvu ya mtawala yule ilitokana na hongo, yaani ushuru wa njia, na pia na kuteka watu. Haifai kuwaficha wanafunzi jambo hili. Watakapofika Mombasa na Lamu watasimuliwa utajiri wa pembe na nafaka na watumwa, na ni vyema wawe wamekwisha kujua kwamba mnyororo ule ulikuwa na pingili zake hapa hapa kwao.

Kisabengo alipokufa alimrithisha binti yake mkubwa utawala pamoja na jina la mji, na huyo ndiye aliyekuwa akitawala mwaka 1871, Henry Stanley alipofika akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Alichokikuta hakukitarajia: mji uliozungushiwa ukuta, wenye minara ya mawe katika pembe zake nne, na malango manne yaliyoelekea mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, kila lango likifungwa kwa mlango mzito wa mti mgumu uliochongwa nakshi. Milango ile ilimshangaza kuliko minara, kwani nakshi zake zilikuwa nyembamba, zimesukana kwa namna ya Kiarabu, hata akadhani kwamba mbao zilichongwa Unguja au pwani ya mrima, zikabebwa ubao mmoja mmoja hadi chini ya milima. Kisha, kwa kuwa watu wa Bagamoyo na wa Simbamwene walikuwa wakiendeana sana, akakubali kwamba huenda mafundi walikuwa wenyeji. Swali hilo aliliacha wazi, nami sioni swali bora kuliko hilo la kumfungashia mwanafunzi anayesafiri.

Kwa maana mwanafunzi afikaye Lamu bila ya swali ataipita milango yake kama apitavyo ukuta wowote, apige picha aondoke. Ilhali yule aliyekwisha kuambiwa kwamba milango ya jamii hiyo iliwahi kufungua na kufunga mji wa Morogoro, huyo atasimama. Atautazama mfaa, yaani ule mti wa katikati ambapo ubao wa kulia na wa kushoto hukutania, namna ulivyochongwa toka juu hadi chini. Ataitazama miimo ya ubavuni, na mnyororo wa nakshi unaoipanda kuizunguka fremu yote. Atainua macho kwenye kizingiti cha juu, ambako fundi huweka maua yake makubwa na pengine maandishi ya Kiarabu. Na maadamu mafundi wa kuchonga wangaliko Lamu hata leo, atamwuliza mmoja wao mlango mmoja huchukua muda gani, mti wake hutoka wapi, na kama ungewezekana kubebwa kichwani vipande vipande kupita Mto Ruvu. Jibu la fundi yule litamfaa kuliko kurasa nyingi za kitabu.

Simbamwene yenyewe haikudumu. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa iliyoipiga Unguja na mrima ilikuja pamoja na mvua za kutisha, na Stanley aliporejea toka Ujiji alikuta mafuriko yameuchukua ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba zipatazo hamsini. Baada ya hapo walikuja Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao Morogoro mwaka 1882, wakaja Wadachi, ikaja reli kutoka Dar es Salaam iliyofika hapa mwaka 1907, na mji mpya ukaota penye mji wa zamani. Kwa hiyo mwalimu hana minara ya kuwaonesha watoto. Ana mto, ana mlima, na ana habari, na itambidi awasimamishe kandokando ya Mto Morogoro asubuhi moja kabla ya kuondoka, awasimulie kwa utulivu.

Na si misafara ya biashara tu iliyowafunza watu wa hapa kusafiri kwa mpango. Kabla ya reli, watu wa Uzaramo walikuwa wakipanda Uluguru kwenda kwa mzimu wa Kolelo kuomba mvua na neema ya mashamba, na safari hiyo ilikuwa na wakati wake, sadaka zake na watu waliostahili kutumwa. Misafara nayo ilikuwa na nidhamu ambayo kiongozi wa wanafunzi angefanya vizuri kuirithi. Kirangozi alitangulia na bendera, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Wanyampara walikaa nyuma kuhakikisha kwamba hakuna aliyeachwa. Posho iligawiwa kwa kipimo kinachojulikana, ili pasiwe na manung'uniko. Kambi ya kesho ilijulikana tangu leo. Hongo ilitafutwa mapema, kwani msafara uliofika kwa mtawala bila ya nguo na shanga ulisimamishwa siku kadhaa. Siku hizi hongo ya mpakani, Horohoro na Lungalunga, ni karatasi: pasi au hati ya kusafiria ya kila mtoto, idhini ya mzazi kwa maandishi, cheti cha chanjo ya homa ya manjano; na msafara uliopungukiwa na karatasi ya mtoto mmoja husimama wote.

Kuhusu majira, ningeshauri Desemba. Masika hayafai: Stanley alikwama katika matope ya Mkata kwa kuyapuuza. Likizo ya Juni nayo ina ukavu wa bara, lakini kusi huwa imeshika na bahari imechafuka. Desemba kaskazi imeanza kuvuma, nayo ndiyo pepo iliyokuwa ikiyashusha majahazi ya Uarabuni na Ghuba na Bara Hindi hadi pwani hii, hivyo mwanafunzi akiwa katika mashua ya kuvukia Lamu kutoka Mokowe atausikia usoni mwake upepo ule ule uliojenga miji anayoiendea. Njia iwe ya Bagamoyo kwanza, kwa kuwa ndiko misafara ilikoishia, na pale wayaone magofu ya Kaole; kisha Msata, Segera, Tanga na mpakani; kisha feri ya Likoni. Mombasa, siku mbili zatosha, moja yake yote ndani ya Ngome, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Gedi waende asubuhi mapema, walitafute kaburi lenye mwaka wa Hijra 802, ambao ni 1399 wa Miladia. Siku zilizobaki zote ziwe za Lamu.

Kila mwanafunzi aandike. Watu wa mrima walikuwa na ada hiyo zamani: mwaka 1901 ulichapishwa Göttingen mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, ambamo Salim bin Abakari alieleza safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo akaeleza safari yake ya Udoe na Uzigua, akiwatazama jirani zake kwa makini yale yale ambayo mwenzake aliyatumia ughaibuni. Martin Kayamba naye, aliyekwenda London mwaka 1931 pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, alitoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka uliofuata. Watoto wetu wasomewe habari za watu hawa kabla ya kupewa madaftari.

Na barua ya kwanza ya mpango huu mwalimu amwandikie mwalimu mwenzake wa Lamu, amwombe mwongozo wa mitaa na mafundi, na katika barua hiyo hiyo amwalike kuleta wanafunzi wake Morogoro mwaka utakaofuata. Wataoneshwa Mazimbu, ambako chama cha ANC kilianzisha shule ya Solomon Mahlangu mwaka 1978 kwa ajili ya vijana waliokimbia ubaguzi wa Afrika Kusini, na ambako baadhi yao wamezikwa. Watapandishwa Kinole kwa Kingalu, ukoo wa watawala wenye sifa ya mvua. Na wachongaji wa Lamu, wakipenda kufuatana nao, waulizwe hapa hapa, kando ya Mto Morogoro, kuhusu ile milango minne.