Pampu ya Oili na Swali la Mwaka
Mwaka 1954 Volkswagen ilishinda mbio za Coronation Safari, zilizopita Kenya, Tanganyika na hapa kwetu Uganda. Injini yake haina maji. Hupozwa kwa hewa na oili isiyozidi lita tatu, kwa hiyo pampu ya oili ndiyo moyo wake.

Nililielewa hilo mjomba alipouza ng'ombe ili injini ya Volkswagen yake ya miaka ya 1960 ifanyiwe ovahoo. Fundi alileta pampu mpya, kubwa kuliko ya zamani, akisema kubwa ndiyo bora. Lakini pampu hiyo huzungushwa na ncha ya kamshafti, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda kilibadili umbo la gia ya kamshafti. Pampu nayo ikabadilika. Tulisoma namba iliyochongwa kwenye injini, tukalinganisha: pampu ilikuwa ya injini za baadaye. Ingefungwa, isingekaa sawasawa, na ng'ombe angekuwa amekwenda bure. Ikarudishwa dukani.

Wengi hudhani historia ni habari za wafalme na vita tu. Siku ile swali letu la kawaida darasani, "Ni ya mwaka gani?", ndilo lililoiokoa injini ya mjomba.