Kibali Bila Ulinzi: Greensboro, Novemba 1979

Walimu wa sarufi huwafundisha wanafunzi kwamba kauli ya kutendwa humwezesha msemaji kumficha mtenda. "Watu watano waliuawa katika maandamano" ni sentensi sahihi kabisa. Hata hivyo, haitaji aliyeua, na wala haitaji aliyepaswa kuzuia mauaji akashindwa. Makala haya yanahusu tukio ambalo kwa miaka mingi lilisimuliwa kwa sentensi za namna hiyo. Tukio lenyewe lilitokea katika mji wa Greensboro, jimbo la North Carolina, nchini Marekani, Jumamosi tarehe 3 Novemba 1979.

Greensboro haukuwa mji mgeni katika historia ya haki za Wamarekani weusi. Ni hapo ambapo tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi waliketi katika mgahawa wa duka la Woolworth uliohudumia wazungu peke yao, wakakataa kuondoka. Kitendo chao kiliigwa katika miji mingi ya Kusini mwa nchi hiyo. Miaka ya 1970 mji huo ulitegemea sana viwanda vya nguo. Wanaharakati wa mrengo wa kushoto, weusi kwa weupe, walifanya kazi ya kuunganisha wafanyakazi wa viwanda hivyo. Baadhi yao walikuwa madaktari walioacha hospitali wakaenda kufanya kazi viwandani. Kundi lao lilikuja kujulikana kama Chama cha Wafanyakazi wa Kikomunisti.

Wapinzani wao wakubwa walikuwa Ku Klux Klan, kundi lililoundwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ili kuwatisha watu weusi wasitumie uhuru wao. Mwezi Julai 1979, katika mji mdogo wa China Grove, wanaharakati hao pamoja na wakazi walivuruga mkutano wa Klan uliokuwa uonyeshe filamu ya mwaka 1915 inayolisifu kundi hilo. Walichoma pia bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa. Klan iliondoka hapo na kinyongo. Miezi michache baadaye wanaharakati walitangaza maandamano na mkutano wa kuipinga Klan mjini Greensboro. Kaulimbiu yao ilikuwa "Klan na ife", na vipeperushi vyao viliwaita wafuasi wa kundi hilo waoga wanaojificha.

Maneno hayo yalikuwa makali. Hata hivyo, maandamano yenyewe yalikuwa halali. Waandaaji waliomba kibali na polisi wakakitoa, kwa sharti kwamba waandamanaji wasibebe silaha. Kibali kilitaja mahali pa kuanzia, yaani makutano ya barabara za Carver na Everitt, katika mtaa wa Morningside Homes uliokuwa na nyumba za serikali zilizokaliwa na watu weusi.

Polisi walikuwa wanajua nini? Tunapaswa kulijibu swali hili kwa makini, maana ndilo kiini cha jambo lenyewe. Walikuwa na mtoa habari wao wa kulipwa, Edward Dawson, ndani ya Klan. Dawson aliwaeleza kwamba Klan na Wanazi wa Kimarekani walikuwa wakijiandaa kuja Greensboro. Mtu huyohuyo alipewa na polisi nakala ya kibali cha maandamano, na hivyo akajua mahali na saa. Asubuhi ya siku hiyo mpelelezi wa polisi aliufuata msafara wa magari tisa yenye wafuasi wa Klan na Wanazi, akawa anaripoti kwa redio jinsi ulivyokuwa ukisogea. Dawson alikuwa katika gari la mbele. Waandamanaji hawakuambiwa lolote kati ya hayo.

Wakati huohuo, askari waliopangiwa kusimamia maandamano walikuwa wameruhusiwa kwenda kula mapema, na walitakiwa wawe mahali pao saa 5:30 asubuhi. Askari wengine wawili waliokuwa wameitwa Morningside kwa shauri lingine waliambiwa kwa redio waondoke eneo hilo. Msafara ulifika na risasi zikaanza kulia takriban saa 5:23. Watu waliokuwa wakiimba na kujipanga, watoto wakiwa miongoni mwao, walitawanyika. Wachache upande wa waandamanaji walikuwa na bastola na walijibu, lakini ufyatuaji ulitoka hasa kwa wale waliochukua bunduki katika magari ya msafara. Yote yalichukua sekunde 88. Wapiga picha wa vituo vinne vya televisheni walikuwepo na walirekodi. Polisi walipofika, magari mengi yalikwisha kuondoka, na waliweza kukamata gari moja lililokuwa na watu kumi na wawili.

Waliokufa ni Cesar Cauce, Bill Sampson, Sandi Smith, daktari James Waller, na daktari wa watoto Michael Nathan aliyefariki siku mbili baadaye. Nelson Johnson, mwandaaji ambaye jina lake lilikuwa katika kibali, alijeruhiwa na kisha akakamatwa papo hapo kwa kosa la kuchochea ghasia.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Polisi walieleza baadaye kwamba waliamua kukaa mbali kwa sababu uhusiano wao na waandaaji ulikuwa mbaya, na kuonekana kwao kungeweza kuzusha ugomvi. Hoja hiyo ina uzito mdogo. Kukaa mbali na watu wasiokupenda ni jambo moja. Kukaa mbali huku unajua kwamba watu wenye silaha wanawaendea ni jambo jingine. Tarehe 11 Novemba, waliokufa walipozikwa, vikosi vya polisi na askari wa jimbo vilijaa barabarani. Uwezo wa kulinda ulikuwapo.

Mahakamani, baraza la wazee wa mahakama lililokuwa la wazungu watupu liliwaachia huru washtakiwa sita mwezi Novemba 1980. Mwaka 1984 mahakama ya shirikisho iliwaachia washtakiwa tisa. Ni katika kesi ya madai ya mwaka 1985 tu ambapo wafuasi wa Klan na Wanazi, mtoa habari Dawson na maofisa wawili wa polisi walikutwa na hatia ya pamoja, tena kwa kifo cha Michael Nathan peke yake. Serikali ya mji ililipa zaidi ya dola 350,000, pamoja na sehemu iliyowahusu Klan na Wanazi.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kwa miaka mingi magazeti yaliliita tukio hilo mapambano ya risasi. Neno hilo huleta picha ya pande mbili zilizo sawa, na pale penye mapambano kati ya pande mbili, polisi huwa ni mtu wa tatu asiyehusika. Manusura walisema neno linalofaa ni mauaji ya halaiki. Huu haukuwa ubishi wa kamusi. Aliyekubali neno la kwanza hakuwa na sababu ya kuuliza askari walikuwa wapi.

Mwaka 2004 wananchi wa Greensboro waliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano kwa kufuata mfano wa Afrika Kusini. Ilikuwa na makamishna saba, haikuwa na mamlaka ya kisheria, na mwaka 2005 baraza la mji lilipiga kura kuipinga, wajumbe sita weupe dhidi ya watatu weusi. Ripoti yake ilitoka Mei 2006. Iliwatwisha Klan na Wanazi mzigo mkubwa zaidi. Haikuwaachia waandaaji pia: iliona kwamba ukali wa maneno yao ulichangia, na kwamba hawakuwafikiria vya kutosha wakazi wa Morningside. Lakini ilisema kwamba jambo moja lililochangia kuliko yote kufanya siku ile iishie katika vifo ni kutokuwepo kwa polisi. Mwaka 2015 kibao cha kumbukumbu kilisimamishwa karibu na mahali pale, kikiwa na neno walilolidai manusura. Mwezi Oktoba 2020 baraza la mji liliomba radhi rasmi na kukiri kwamba polisi walijua mapema na hawakuwaonya waandamanaji.

Tunajifunza nini sisi tunaofundisha lugha katika nchi zetu, ambako neno "kibali" husikika kila penye mkutano wa hadhara? Kwanza, kibali ni ahadi ya pande mbili. Mwananchi huahidi kufuata masharti, na dola huahidi kumlinda, hasa anaposema maneno yasiyowapendeza wengi. Ahadi ya upande wa pili ikikosekana, kibali hubaki kuwa karatasi inayomwelekeza adui mahali pa kukupata, kama ilivyotokea Greensboro.

Pili, tuwazoeze wanafunzi kuzichunguza sentensi wanazosoma magazetini. "Polisi hawakuwepo" ni sentensi ya hali, kana kwamba tunasema mvua haikunyesha. Mwanafunzi aulizwe: je, hawakuwepo, au waliruhusiwa kuondoka? Ni nani aliyewaruhusu, saa ngapi, naye alikuwa anajua nini? Watu wa Greensboro walichukua zaidi ya miaka 40 kuitoa sentensi hiyo katika hali na kuifikisha katika tendo lenye mtenda.