Lami Iliyogeuzwa Uwanja wa Ndege

Kilambo, jirani na Mubi wilayani Walikale, mashariki mwa Kongo, ndege zilitua barabarani, juu ya lami ya Njia ya Taifa Namba 3. Machimbo ya Bisie yalipopamba moto miaka ya 2000, wachukuzi walibeba kasiterite, madini ya bati, mgongoni wakipita msituni hadi Njingala na Mubi, kisha ikasafirishwa Goma kwa ndege. Askari walifunga njia, pikipiki zikasubiri kando, ndege ya propela ikashuka.

Hatari za ndege za propela si ngeni. Mnamo 13 Mei 1948, DC-4 ya Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, ilianguka ndani ya dhoruba karibu na Libenge, Kongo, ikaua watu 31. Mnamo 18 Mei 1955, DC-3 ya East African Airways iligonga Kilimanjaro. Wote 20 waliokuwamo wakafa. DC-3 na DC-4 za kawaida hazikuwa na kabini ya kuhifadhi shinikizo la hewa, hivyo zilisafiri chini, katikati ya radi na vilele ambavyo jeti huvipita kwa juu.

Hapa Walikale tatizo kubwa lilikuwa uzito. Kasiterite ni nzito kuliko inavyoonekana, hivyo hulihadaa jicho: ndege huonekana nusu tupu ilhali imeshafikia kikomo chake. Jua likiwaka, hewa huwa nyepesi, injini na mabawa hupungukiwa nguvu, na ndege hudai lami ndefu zaidi. Mbele yake ilikuwapo milima ya Masisi, kisha uwanja wa Goma, ambao lava ya volkano ya Nyiragongo iliufupisha Januari 2002.