Martin Shikuku: mpinzani ndani ya Bunge la chama kimoja

Kwa sehemu kubwa ya miaka aliyokaa bungeni, Martin Shikuku hakuwa na chama cha upinzani cha kujiunga nacho. Kenya ilikuwa na chama kimoja, KANU, naye alikuwa mwanachama kama wabunge wenzake wote. Hata hivyo, Wakenya wa umri mkubwa wakitajiwa wapinzani wa zamani, jina la mbunge huyu wa Butere, magharibi mwa nchi, halichelewi kutoka.

Alianza siasa katika KADU, chama kilichotetea serikali za majimbo kwa hofu kwamba jamii kubwa zingemeza zile ndogo. Akiwa bado kijana, alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda Lancaster House, London, kujadili katiba ya uhuru. Mwaka 1963 akaingia bungeni. Upinzani wa KADU haukudumu: mnamo Novemba 1964 chama kilivunjwa na wabunge wake wakahamia KANU. Baadaye Oginga Odinga aliunda KPU, nacho kikapigwa marufuku mwaka 1969. Tangu hapo, mbunge aliyetaka kuikosoa serikali alilazimika kuikosoa akiwa ndani ya chama chake.

Shikuku alizijua sana kanuni za Bunge, na hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake. Mbunge akiuliza swali kwa utaratibu, waziri hulazimika kujibu hadharani, na jibu huandikwa katika kumbukumbu rasmi. Alijiita mlinzi wa wananchi. Aliwahi kupewa kazi ya waziri msaidizi, lakini hata cheo hicho hakikumtuliza.

Mwaka 1975 mambo yaligeuka. Mnamo Machi 2, J.M. Kariuki, mbunge aliyependwa na wengi kwa kusema juu ya ardhi na umaskini, alitoweka jijini Nairobi, na mwili wake ukapatikana Ngong. Bunge liliunda kamati ya kuchunguza mauaji hayo chini ya Elijah Mwangale. Shikuku alikuwa mwanakamati, pamoja na Jean-Marie Seroney wa Tinderet. Ripoti ilipoletwa mwezi Juni, serikali ilijaribu kuizuia isikubaliwe lakini ikashindwa kwa kura chache, na mawaziri walioiunga mkono wakafutwa kazi.

Miezi minne baadaye, Oktoba 9, Shikuku alisimama akaonya kwamba wapo wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyokwisha kuuawa. Hakuwa akitia chumvi sana: chama hicho hakikuwa kimefanya uchaguzi wa kitaifa wa viongozi wake tangu mkutano wa Limuru wa 1966. Wabunge wa upande wa serikali walipandwa na hasira, wakamtaka athibitishe kauli yake. Aliyekuwa kwenye kiti siku hiyo ni Seroney, naibu spika. Akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Siku sita baadaye polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawakamata wote wawili.

Hapa msikilizaji anaweza kuuliza: mbunge si ana kinga? Anayo, na alikuwa nayo wakati huo pia. Maneno anayosema ndani ya ukumbi hayawezi kumfanya ashtakiwe mahakamani. Lakini Shikuku na Seroney hawakushtakiwa. Waliwekwa kizuizini kwa sheria ya usalama wa umma, iliyomwezesha rais kumfungia mtu bila kesi, bila hakimu na bila tarehe ya kutoka. Kinga ilimzuia mtu asiburutwe kortini, na serikali haikuhitaji korti. Wabunge waliobaki walielewa, na kwa muda mrefu baada ya hapo wengi walipima maneno yao kabla ya kuyatamka.

Walikaa huko zaidi ya miaka mitatu. Jomo Kenyatta alifariki Agosti 22, 1978, na mwezi Desemba mrithi wake, Daniel arap Moi, akawaachilia pamoja na wafungwa wengine wa kisiasa. Katika uchaguzi wa 1979 Seroney alishindwa. Watu wa Butere walimrudisha Shikuku.

Mwaka 1982 sheria ilitamka rasmi kwamba KANU pekee ndiyo chama halali. Mwaka 1988, katika uchaguzi wa mlolongo ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea, Shikuku alipoteza kiti. Miaka mitatu baadaye alikuwa mmoja wa wazee sita waliotangaza vuguvugu la FORD, pamoja na Odinga, Masinde Muliro, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz. Idadi hiyo ilikuwa na sababu yake: kundi la watu wasiofika kumi halikulazimika kusajiliwa. Ulikuwa ujanja wa mtu anayejua kusoma sheria. Novemba 1991 walijaribu kufanya mkutano Kamukunji, polisi wakauzima, na mwezi uliofuata KANU ikakubali vyama vingi.

Kilichofuata hakiwapi sifa waasisi hao. FORD iligawanyika kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992. Shikuku alimfuata Kenneth Matiba katika FORD-Asili, Odinga akabaki na FORD-Kenya, na Moi akashinda kwa kura zilizozidi kidogo theluthi moja. Shikuku alirudi bungeni, safari hii akiwa na chama cha upinzani kweli. Mwaka 1997 aligombea urais na kupata kura chache sana.

Mwaka huohuo wa 1997, katika marekebisho yaliyokubaliwa kati ya serikali na upinzani, mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kesi wakati wa amani yaliondolewa katika sheria. Shikuku alifariki Agosti 22, 2012, tarehe ileile aliyofariki Kenyatta, rais aliyemfungia.