Kusoma na Madaraka katika Mbulu na Hanang

Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1960 chama cha TANU kilitwaa viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kiti pekee kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Elias Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyegombea bila baraka za chama, alimshinda mgombea rasmi, Chifu Amri Dodo. Tukio hilo husimuliwa kama mvutano wa watu wawili wakubwa, lakini masharti ya kupiga kura mwaka ule nayo yanastahili kutazamwa: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na mapato ya pauni 75 kwa mwaka, au kuwa na cheo. Kwa Mwiraqw na Mbarabaig wa huko, ambao Kiswahili hawakukipata kwa mama zao, kusoma kulikuwa tayari ni mlango wa madaraka. Walioupita mlango huo walikuwa wamesoma nini?

Wengi walikuwa wamesoma kidogo, na cha aina moja. Shule za misheni zilifundisha kusoma kwa ajili ya katekisimu na sala. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni. Kiongozi, la 1950, lilikuwa la Kanisa Katoliki. Yote mawili yalifaa, maana yaliwapa watu habari za nje ya milima yao, lakini msomaji asiyeona kingine huzoea kupokea. Ndiyo sababu nashikilia kwamba kiongozi hajengwi na kujua kusoma peke yake, bali na upana wa anachokisoma. Kuna pingamizi zito hapa: wazee wa Kiiraqw waliongoza karne nyingi bila kitabu, na slufay, sala ndefu ambayo mzee hunena na watu wakaitikia, ilibeba elimu kubwa. Ni kweli, na sidhani kitabu kimewahi kuizidi kwa kuunganisha watu. Lakini slufay ilisemwa kwa watu waliokuwa wakiielewa, ilhali mamlaka mapya yalizungumza kwa hati.

Hanang, jirani ya Mbulu, iliona gharama ya hati hizo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba ya ngano katika nyanda za malisho ya Wabarabaig, hata yakafikia karibu ekari 100,000. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu hiyo 1985. Hoja iliyowaangusha haikuwa kama ng'ombe wao walilishwa pale. Ilikuwa kama kijiji kilikuwa kimepewa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria, na kama walalamikaji walithibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria hiyo. Kwao lilikuwa jambo la wazi kuliko jua. Mbele ya majaji lilihitaji ushahidi.

Mtu atasema kwamba hata wangelisoma sheria zote za nchi, serikali iliyotaka ngano ingeichukua ardhi. Huenda, na ni kosa kuwatwika waliodhulumiwa lawama ya dhuluma. Hata hivyo, bila watu waliojua njia ya mahakama kesi isingefunguliwa kabisa, na bila hukumu ile ya kwanza tusingejua kwamba haki yao iliwahi kusikilizwa na kukubaliwa. Pengo lilikuwa katika kilichopaswa kuandaliwa mapema: mipaka iliyoandikwa, mihutasari ya mikutano, ushahidi wa nani aliishi wapi tangu lini. Kazi hiyo humtaka kiongozi aliyesoma sheria, historia ya jirani na kesi za wengine, si tangazo lililobandikwa mlangoni tu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, imelikabidhi baraza la kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Wenyeviti na wajumbe wa Mbulu na Hanang waisome yote, na hukumu ya Mulbadaw pamoja nayo, kabla ya kugonga muhuri kwenye karatasi yoyote ya mwekezaji.